Haya ya Ukurasa wa Tatu

Katika faili ya mikutano ya mtaa wetu, ukurasa wa tatu, kuna sentensi isemayo kwamba mwalimu wa chuo aliridhia kwa moyo mkunjufu njia iendayo kwake ifungwe. Hakuridhia. Sentensi hiyo niliiandika mimi, nikiwa nimekaa hatua tano kutoka aliposimama, na mkono nilioandikia ni yeye aliyeufundisha kushika kalamu.

Mtaa wetu uko kando ya Malindi, upande wa kwendea Mambrui, mahali palipokuwa mashamba ya minazi na mikorosho kabla ya kukatwa viwanja. Sasa ni kuta. Kila aliyenunua amezungusha ukuta wake, akaupandisha asumini au vigae vya chupa, kila mtu na tabia yake. Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi. Hakuna aliyenilazimisha. Nachapa nyaraka za watu nyumbani kwangu, najua kupanga maneno, na tangu utotoni napenda kujua nani kafanya nini na saa ngapi. Hivyo ndivyo nilivyokuja kuwa mwandishi wa habari za mtaa: siku ya kufunguliwa maji, gari la taka lilipokwama, mbuzi aliyepotea na aliyeonekana, tanzia na saa ya maziko. Naziandika kwenye ubao wa duka la kona na katika kundi letu la simu. Watu walizoea kusema, "Kama katibu hajaliandika, halijatokea." Nililipenda neno hilo kuliko ilivyofaa.

Nyumba ya mwalimu iko nyuma ya viwanja vyote, na ilikuwako kabla ya kiwanja cha kwanza. Ni nyumba ya udongo na chokaa yenye ukumbi mrefu mbele, na ukumbi huo ndio chuo. Baada ya adhuhuri watoto wadogo hutoka shule, huvua viatu, hukaa mkekani na kusoma Kurani hadi alasiri. Nami nilisoma hapo. Tulikuja kwa njia ya mguu iliyopita katikati ya mikorosho, na viwanja vilipopimwa njia ile iliachwa, ikabaki kama uchochoro kati ya kuta mbili. Ukuta mmoja kati ya hizo mbili ni wangu. Nilichagua kiwanja hicho kwa sababu nilitaka kuzisikia sauti za chuoni nikiwa jikoni. Hilo nalo ni kweli, na sioni kama lanisaidia.

Kisha ukaja wizi. Kwanza nguo kambani, kisha mitungi ya gesi. Kwangu waliondoka na pampu ya maji, nikanunua nyingine, wakarudi wakaichukua na hiyo pamoja na mpira wake. Wote tuliamini wezi hupitia uchochoro ule. Mwenyekiti wetu, karani mstaafu apendaye mikutano iishe kabla chai haijapoa, akaitisha mkutano wa wakazi ili tukubaliane kuweka geti.

Tulikaa chini ya turubai katika kiwanja ambacho hakijajengwa. Mama mmoja alisimama akiwa na hasira zake.

"Mimi wameniibia mpaka sufuria na wali ndani!"

"Wali wa nini?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Wa nazi!"

"Basi huyo si mwizi, dada. Huyo ni mgeni hukumkaribisha."

Watu wakacheka, naye akacheka huku akitukana. Fundi mmoja mwashi, Mgiriama aishiye bara kidogo na kupita uchochoroni kila siku akienda kazini, akainua mkono. "Njia hiyo twapita sisi tunaowajengea hizo kuta. Sasa mwatufungia nje ya kuta zetu wenyewe?"

"Wee fundi, ukuta wangu una ufa," jirani akamjibu. "Usiuite wako mpaka uje uuzibe."

Kicheko tena. Fundi akaketi. Niliandika: *Fundi mmoja aliuliza swali, akajibiwa.*

Mwalimu alifika mwisho. Alikuja na buibui lake, akasimama pembeni ya turubai, akakataa kiti. Mwenyekiti akamwambia, "Shikamoo, mwalimu. Twakusikiza, sema neno."

Akaitikia marahaba, kisha akatutazama, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Zaidi ya nusu ya waliokaa kwenye viti vile waliwahi kukaa kwenye mkeka wake. Alipomaliza kututazama alisema, "Haya."

Mwenyekiti akadaka hapo hapo. "Haya basi! Mwalimu amesharidhia. Nani tena? Hakuna. Katibu, andika."

Msomaji ajuaye Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba kuna haya ya kukubali na kuna haya ya aibu. Mtu aweza kusema nilisikia moja badala ya nyingine, na mwenyekiti mpaka leo huenda ndivyo alivyosikia, maana yeye si mtu wa hapa na hakusoma chuo kile. Lakini mimi nilisoma. Mtoto akimpokonya mwenziwe nafasi mkekani, au akimcheka aliyekosea kusoma, mwalimu hakuwa akipiga wala kugomba. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema neno hilo moja, nasi sote tuliinamisha vichwa na kuimalizia pamoja ile hadithi ya Mtume, "Ni katika imani, mwalimu." Siku ile ya mkutano, aliposema, kichwa changu kiliinama chenyewe. Niliona na vichwa vingine viwili vitatu vikiinama. Mwili ulisikia sawasawa. Kalamu ndiyo iliyosikia jingine, kwa sababu kalamu ilikuwa na pampu mbili zilizoibiwa.

Niliandika, *Mwalimu wa chuo aliridhia.* Jioni nilipokuwa nikichapa, nikaiona sentensi ni fupi, kana kwamba haikujiamini. Nikaongeza "kwa moyo mkunjufu". Sikuagizwa na mtu.

Geti likawekwa, la chuma, rangi ya kijani. Kila nyumba ya mtaa ikapewa ufunguo. Nyumba ya mwalimu haikupewa, kwa sababu kwenye ramani ya viwanja haimo. Mlinzi hulifungua alfajiri, hulifunga saa tatu asubuhi anapokwenda kulala kwake, na hulifungua tena saa kumi na mbili jioni anaporudi zamu, akalifunga watu wakilala. Niliandika ubaoni: *Geti la uchochoroni limekamilika. Wakazi wote wamefurahi.* Katikati ya saa tatu na saa kumi na mbili ndimo kilimokuwa chuo.

Watoto wakaanza kuzunguka kwa barabara ya lami, mwendo mrefu juani, kati ya tuktuk na malori ya mawe. Wiki ya pili bodaboda ilimkwaruza msichana mmoja mguu. Hakuumia sana, lakini mama yake akamtoa chuoni, na mama wengine wawili wakafuata. Hakuna aliyetangaza kwamba ameacha. Mimi nilijua kwa sikio. Zamani nilikuwa siwezi kuzihesabu sauti kutoka jikoni, ni wimbi moja tu. Sasa nikaanza kutambua hii ya nani na ile ya nani. Hilo sikuliandika ubaoni.

Siku moja jirani akaniambia, "Mwalimu akuita." Nimepita umri wa kuitwa hivyo, lakini nilivua aproni nikaenda mbio kama mtoto. Nilipita getini kwa ufunguo wangu. Alikuwa ukumbini, akaniona natokea uchochoroni nikiurudisha mfukoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wapita wapi?"

"Getini."

"Aa. Wewe unao ufunguo."

"Ninao, mwalimu."

Akanikaribisha mkekani. Akaniuliza hali ya mama yangu, akauliza na ya magoti yake, maana anajua yanamsumbua. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa chini ya mto. Alikuwa amekwenda ofisi ya serikali kulalamikia geti, na kijana wa pale, kwa adabu kabisa, akamtolea nakala ya kumbukumbu za mkutano, tuliyokuwa tumeipeleka huko, akamuuliza: Mama, mbona hapa imeandikwa ulikubali?

"Nisomee," akasema. "Macho yangu kwa herufi hizi si kama zamani."

Nikasoma. Tarehe, waliohudhuria, wasiohudhuria kwa udhuru. Nilisoma polepole nikitumaini kitu kitatukatiza, kuku, mgeni, adhana. Nilipofika ukurasa wa tatu sauti yangu ikapungua. Akainua kidole, vilevile alivyokuwa akikiinua mtu akikosea irabu.

"Hapo. Rudia."

"Mwalimu wa chuo aliridhia kwa moyo mkunjufu."

"Nilisema moyo mkunjufu?"

"Hukusema."

"Nilisema nini?"

"Ulisema haya."

"Basi si ungeandika haya?" Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. "Herufi nne. Nilikufundisha nyingi kuliko hizo."

Nikamwomba radhi. Nilimweleza na habari za pampu, nikajisikia nikieleza, nikanyamaza katikati.

"Mimi nimeshakusamehe," akasema. "Karatasi je?"

Nikafanya lile ambalo mwenye hatia hufanya, nikatoa zawadi. Nikamwambia mimi nipo nyumbani mchana kutwa. Kila siku baada ya adhuhuri nitakuja kulifungua geti, watoto wapite, na alasiri nitarudi kulifungua tena.

Akatikisa kichwa. "Na siku ukiumwa? Na siku ukinikasirikia? Hapana, mwanangu. Watoto walikuwa wakipita njia. Wakipita kwa ufunguo wako wapita kwako. Hiyo ni hisani, na mimi sikwenda ofisini kuomba hisani." Kisha akanipa maji ya kunywa, akaninyooshea kikombe kwa mikono miwili kama mgeni, na hilo ndilo lililonishinda.

Nilirudi nyumbani kwa barabara ya lami.

Siku hiyo hiyo nilimwendea mwenyekiti. Alikuwa na chai yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kumbukumbu zile zilishasomwa katika mkutano uliofuata, zikathibitishwa, zikatiwa sahihi. Ilikuwa kweli, ni mimi niliyezisoma.

"Katibu, kwa neno moja? Tuwaite watu watoke makwao kwa ajili ya haya?"

"Ndiyo, kwa ajili ya haya."

Akacheka, akafurahia neno lilivyogeuka. "Kumbe sasa ndiyo waiona haya? Mbona hukuiona siku pampu zilipokwenda?"

Nikaondoka. Alikuwa amenipiga pale panapouma na hakuwa amekosea.

Nikaketi kuandika barua ya kusahihisha. Kazi yangu ni kuandikia watu barua, na hiyo ilinichukua siku nne. Kwanza niliandika alivyotaka mwalimu: *Mwalimu hakusema kwamba ameridhia. Alisema "haya".* Nikaisoma kwa macho ya mtu aliyeketi ofisini asiyemjua, nikaona kwamba atasoma haya, na atasema si ndiyo hiyo hiyo, alikubali. Ukweli wenyewe, ukiandikwa vile ulivyo, ulikuwa ukifanana na uongo wangu. Ilibidi nieleze. Nieleze mkeka, nieleze alivyotutazama, nieleze kwamba vichwa viliinama, na cha kwanza kilikuwa changu. Barua ya ofisi haina mahali pa vichwa vilivyoinama. Nilijaribu mara nyingi kujiondoa humo, nikiandika "baadhi ya waliohudhuria" na "ilieleweka kwamba". Mwisho niliandika: *Mimi katibu nilielewa kwamba anatukemea, nikaandika kwamba ametukubalia. Maneno "kwa moyo mkunjufu" ni yangu.* Nikatia sahihi.

Niliipeleka ofisini, wakagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Nakala nyingine nilibandika ubaoni, mahali pa mbuzi na maji. Watu waliisoma. Mama wa sufuria alinisimamisha dukani akaniambia, "Ulikuwa na haja gani kujivua nguo hadharani? Geti limetuletea amani." Fundi mwashi alipita, akaisoma yote akisogeza midomo, akanitazama. "Na swali langu," akaniuliza, "lilijibiwa nini?" Nilikwenda kuangalia kwenye daftari langu la mkono. Halikujibiwa. Walicheka tu. Hilo nalo nimeliongeza kwa kalamu chini ya barua.

Marekebisho yamewekwa kwenye ajenda mara mbili. Mara ya kwanza watu hawakutimia. Mara ya pili mvua ilinyesha turubai likavuja, na mwenyekiti akafunga mkutano tukiwa bado kwenye habari za taka. Ofisi haijajibu. Geti bado hufungwa saa tatu. Ufunguo wangu nimeutundika msumarini karibu na dirisha la jikoni, na sijautumia tangu siku ile. Nikienda kwa mwalimu nazunguka.

Leo baada ya adhuhuri nilifungua dirisha nikasikiliza. Nilisikia sauti mbili za watoto na ya mwalimu. Wiki iliyopita watoto walikuwa watatu. Sijui kama wa tatu alikuwa akisikiliza tu, au hakuja.