Picha ya Kifua cha Mzee Mhapa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivalishwa aproni iliyonivuta mabega hadi nikahisi nimebebeshwa mtoto wa mtu. Nilikuwa binti wa Kibena kutoka Njombe, nimetoka chuoni, na hospitali niliyopangiwa ilikuwa mjini Iringa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mkuu wa Eksirei, mtu mrefu mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi nyuma ya kichwa, alinifunga kamba za aproni mwenyewe.

“Hii ndani yake ni risasi, binti,” aliniambia. “Si ya bunduki. Ni madini yenyewe, yamechanganywa na mpira. Mionzi haipiti hapo. Mgonjwa anapigwa picha mara moja anakwenda zake. Wewe utakuwa humu kila siku. Ukisahau kuivaa, mwili wako hautasahau.”

Ninyi mnaosoma haya mmezoea picha inayotokea kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajamaliza kufunga vifungo. Sisi tulikuwa na filamu, ambayo tuliiweka ndani ya kaseti, yaani bapa la chuma lisilopitisha mwanga. Ukishampiga picha mgonjwa, unaingia na kaseti kwenye chumba cha giza, unaitoa filamu chini ya taa nyekundu, unaitumbukiza kwenye dawa ya kuitoa picha, kisha kwenye dawa ya kuizuia isifutike, kisha unaisuuza na kuianika kwenye kamba kama nguo. Dawa hizo zilinuka siki. Marehemu mume wangu alikuwa akisema alinichumbia kwa pua iliyozibwa na mafua.

Mkuu wa Eksirei alikuwa na sheria moja aliyoirudia kama sala. “Mwili una mbele na una upande. Ukiona kitu kwenye picha moja, hujui kama kiko ndani, kiko juu ya ngozi, au kiko nyuma. Piga ya pili kwa upande.” Lakini filamu zilikuwa adimu, na picha ya pili ilihitaji ruhusa ya daktari. Kwa hiyo mara nyingi tuliona mbele tu, tukabaki tunajiuliza. Mimi kujiuliza hakukunichosha. Nilikuwa mdadisi tangu utoto, na kazi ile ilinilipa kwa kuchungulia ndani ya watu.

Hapo Iringa ndipo nilipomjua Mzee Mhapa. Alikuwa Mhehe, anaishi mtaa wa Mlandege, anatembea kwa mkongojo kwa sababu mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Aliingia, nikamsalimu kwa kikwetu, “Kamwene, Mzee.” Wahehe na sisi Wabena tunaelewana kwa salamu hiyo.

“Kamwene, mwanangu!” alijibu, uso ukafunguka. “Kumbe humu ndani kuna mtu.”

Alikuwa amepigana vita vya Mwingereza kule Burma. Chama cha askari wa zamani kilikuwa kinawatambua waliojeruhiwa vitani, ili wapewe nishani na wakae mstari wa mbele siku za sikukuu za taifa. Kamati ilimtaka alete ushahidi wa hospitali. Wengi Mlandege hawakumwamini. Wenzake waliorejea kabla yake walikuja na habari kwamba mguu wake uliangukiwa na mnyama, basi wakamwita “askari wa punda”, na jina likamganda. Akiingia kilabuni, mtu pembeni analia kama punda.

Nilipokuwa nampanga mezani, amevua suruali amejifunika shuka, fulana na sweta vikiwa mwilini, alinishika mkono.

“Mwanangu, watu nawaambia nilipigwa na bomu. Lakini ukweli ni kwamba sijui. Nakumbuka tunapanda mlima na maji. Halafu nakumbuka kitanda na chandarua cheupe. Hapo katikati hakuna kitu. Mganga wa Kizungu ndiye aliyesema ni mnyama. Mimi nataka kujua kabla sijafa. Angalia vizuri.”

Niliangalia vizuri. Chuma kwenye filamu huonekana cheupe sana, cheupe kuliko mfupa. Hakikuwepo. Palikuwa na mfupa wa paja uliovunjika zamani ukaunga vibaya, basi. Mganga Mkuu, mtu wa maneno machache, aliinua filamu kwenye sanduku la taa akasema, “Umevunjika kweli. Lakini kilichouvunja hakikuacha jina lake.” Akaandika hivyo hivyo. Kamati ikamkatalia.

Alipita kuniaga akiwa na bahasha yake kwapani. Hakulalamika. Aliniuliza tu, “Je, mionzi yenu inaweza kuona kitu ambacho mtu amesahau?” Nikamwambia haiwezi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo.

Baada ya muda nilihamishiwa Mbeya. Chumba kilikuwa kikubwa zaidi, mashine mpya kidogo, na baridi ya Juni ilikufanya uipende ile aproni. Huko nilikuwa chini ya Daktari wa Vifua, mtu mfupi, mwepesi, anayetembea kama anayefukuza basi. Alinifundisha kwamba picha ya kifua hupigwa mgonjwa akiwa ameegemeza kifua kwenye kaseti, mgongo kwenye mashine. Unamwambia: vuta pumzi, ishike, usipumue. Unapiga. Pumua.

Asubuhi moja ya kipupwe mlango ulifunguliwa, nikasikia mkongojo kabla sijamwona mwenyewe. Mzee Mhapa alikuwa amekuja kumtembelea binti yake aliyeolewa Mbeya, kikohozi kikamshika, na daktari alitaka kujua kama ni kifua kikuu.

“Vua sweta na fulana, Mzee.”

“Mbele yako, mwanangu?”

“Mbele ya mashine. Mimi nitageuka.”

Alivuta pumzi, akaishika kiaskari, kifua mbele, na nilipochelewa kidogo kumwambia apumue aliendelea kuishika hadi macho yakamtoka.

Chumbani gizani, picha ilipoanza kujitokeza ndani ya dawa, niliona mapafu safi. Halafu nikaona doa jeupe karibu na bega la kulia, lenye ukubwa wa punje ya mahindi na ncha iliyochongoka. Nilikasirika. Nilidhani ni hirizi, au kifungo, au sarafu iliyonasa mahali. Nilitoka nikamkagua. Hakuwa na kitu. Ila mgongoni, chini ya fupa la bega, alikuwa na kovu dogo la mviringo.

“Hili ni nini, Mzee?”

“Kovu? Mimi mgongo wangu nauonea wapi? Labda bibi yangu alinichanja utotoni.”

Nilikimbia kumwomba daktari ruhusa ya picha ya upande. Akanipa. Nilipoitoa kwenye dawa, niliiinua kwenye mwanga. Lile doa lilikuwa ndani, kwenye nyama nyuma ya mbavu.

Daktari wa Vifua alizitazama picha zote mbili, na kwa mara ya kwanza nilimwona ametulia mahali pamoja. “Hiki ni kipande cha chuma,” alisema, “na kimekaa humo miaka mingi, mwili umeshakijengea ukuta. Kikohozi chake ni cha baridi tu. Chuma kiacheni kilipo, hakimsumbui. Mwiteni Mzee nimweleze.”

Nilifurahi kana kwamba nimekitia mwenyewe. Mzee alielezwa, akasogea hadi pua ikakaribia kioo cha sanduku la taa. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

“Hapa ni mbele yangu au nyuma?”

“Nyuma, Mzee,” daktari akajibu. “Kiliingilia mgongoni.”

Akatafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, akakaa. “Basi nilikuwa nakimbia.”

Daktari aliitwa wodini akaondoka. Mzee akaanza kuvaa sweta lake, amelivaa kinyume bila kujua.

“Kwetu mwanamume akipigwa mgongoni haulizwi swali jingine,” alisema. “Afadhali punda. Mwanangu, hizi picha zisifike Iringa.”

Nilimsaidia kuligeuza sweta. Udadisi wangu ulinizidi nguvu. “Mzee, hakuna mtu mliyekuwa naye siku ile?”

“Yupo. Koplo wetu, Msangu kwa kabila. Anaishi Ubaruku, analima mpunga. Nimejua alipo miaka yote hii.”

“Mbona hukumwuliza?”

Alinitazama kwa huruma, kama ninavyowatazama wajukuu zangu sasa. “Wewe ungemwuliza?”

Ilitokea kwamba nilikuwa naanza likizo, nakwenda Njombe, na yeye anarudi Iringa. Njia yetu ilikuwa moja. Alipona kikohozi, tukapanda basi pamoja kwenye ile lami mpya, picha zikiwa kwenye begi langu. Hakusema kama atashuka njia panda ya Ubaruku, nami sikumwuliza. Tulipofika Igawa, penye njia panda hiyo, alisimama mwenyewe, akamgongea utingo dirisha. Tukadandia lori la mpunga.

Tulimkuta Koplo kwenye mashine ya kukoboa, amejaa pumba hadi kwenye kope. Kila mtu pale alimwita Koplo, hata wakwe zake. Mzee Mhapa alikaza mguu mzima, akapiga saluti. Koplo alikodoa macho.

“Mhapa? Wewe si ulikufa?”

“Nani alikwambia?”

“Nilikuona kwenye machela, umefunikwa uso! Nimekuombea miaka yote hii, kumbe naombea mtu anayekula ugali!”

Walishikana, wakacheka, wakafutana pumba. Tulihamia nyumbani kwake, mbali na kelele, mkewe akatuletea wali na samaki wa bondeni. Mzee Mhapa aliuliza habari za maji ya mfereji. Aliuliza habari za wafugaji waliohamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Aliuliza bei ya mpunga. Wali ulikwisha. Ndipo akaweka mikono magotini.

“Koplo. Siku ile mlimani. Nilikuwa nakimbia?”

“Siku ile tulikimbia wote,” Koplo alisema, “na mimi nikiwa wa kwanza.” Alicheka peke yake, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. “Wote isipokuwa Mhehe mmoja mbishi. Hukumbuki?”

“Sikumbuki.”

“Tulikuwa tunawapandishia maji majeruhi waliokwama juu. Wewe ulikuwa na nyumbu wa mwisho, chotara wa punda na farasi, kabeba madebe. Mizinga ikaanza. Nikapiga kelele: acha nyumbu, shuka! Nyumbu kagoma kupanda, kagoma kushuka. Wewe umemshika hatamu kwa mikono miwili, unamvuta kinyumenyume kuelekea juu. Uso wako kwa nyumbu, mgongo wako kwa adui. Ukanijibu.”

“Nilikujibu nini?”

“Najuaje? Ulinitukana kwa Kihehe.”

Mzee Mhapa alifunika uso kwa viganja. Nilidhani analia, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

“Bomu likaangukia nyuma yako,” Koplo aliendelea polepole. “Nyumbu akaruka, akakuangukia mguuni. Tuliporudi kukutoa, debe moja lilikuwa zima. Tukalipandisha. Walikunywa, Mhapa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa shangazi yangu.”

“Mbona hukusema popote?”

“Nani aliniuliza? Marehemu hadai nishani.”

Kwa hiyo mganga wa Kizungu alisema kweli, na Mzee alisema kweli, na wa Mlandege waliokuwa wakilia kama punda hawakukosea sana mnyama. Nilikaa pale nikiwatazama wazee wale wawili, nikashangaa jinsi jambo moja linavyoweza kugawanywa kwa watu watatu, kila mmoja akaondoka na kipande chake akidhani ndilo lote.

Niliwaachia picha, nikaenda Njombe. Mambo ya kamati nilisimuliwa na binti wa Mzee Mhapa. Koplo alisafiri hadi Iringa na gunia la mchele kwa ajili ya mke wa Mzee Mhapa. Mwenyekiti wa kamati, sajenti mstaafu, aliziinua picha dirishani, moja baada ya nyingine, na mjumbe mmoja akanong'ona, “Mgongoni.” Koplo akasimama, akaeleza yote, pamoja na yeye kukimbia. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: nyumbu yule alipona? Koplo akasema hakupona. Mwenyekiti akasema mzee aingizwe kwenye orodha ya waliojeruhiwa.

Nimestaafu siku nyingi sasa. Mashine niliyofundishiwa imeshakuwa vyuma chakavu, na Mkuu wa Eksirei tulimzika. Vijana wa fani yetu hunitembelea, wanaonyesha kwa simu picha zilizo wazi kiasi cha kuhesabu nyuzi za mfupa, nami huwaonea wivu bila kuficha. Huniuliza kama kazi ile ilinifundisha kuwajua watu. Huwaambia ilinionyesha mahali pa kuanzia kuuliza. Chuma nilikiona mimi. Nyumbu asingeonekana kwenye filamu yoyote.

Na wakinisihi niwape kisa kimoja tu, huwapa cha sikukuu ya taifa iliyofuata, pale uwanjani Iringa. Nilisafiri kutoka Mbeya kuishuhudia, nikasimama na binti wa Mzee karibu na kamba. Waliojeruhiwa walipangwa mbele, na Koplo, ingawa hakuwa na jeraha, alikuwa amejipenyeza nyuma ya mwenzake, hakuna aliyethubutu kumtoa. Mgeni rasmi alipita akiwavisha nishani, akimwuliza kila mmoja maneno mawili matatu kwenye kipaza sauti. Alifika kwa Mzee Mhapa.

“Ulijeruhiwa wapi, Mzee?”

Bila shaka alitaka jina la nchi. Nilimwona Koplo akinong'ona, “Sema Burma.” Mzee Mhapa alijinyoosha hadi mkongojo ukainuka kutoka ardhini.

“Mgongoni!” alisema, na uwanja mzima ukasikia.

Mgeni rasmi alibaki ameshika nishani hewani. Watu wa Mlandege walisogea hadi kwenye kamba. Kisha mgeni rasmi akakisogeza kipaza sauti, akauliza ilikuwaje, na Mzee Mhapa, bila haraka, akaanza na nyumbu.