Akina Peterson Theuri na Mashine ya Samaki

Peterson Theuri alifanya kazi ya samaki karibu maisha yake yote ya ofisi, na hakuna aliyewahi kumwona amemshika samaki mkononi. Alikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya uvuvi mjini Nyeri, mtu nadhifu, mwenye kalamu mfukoni na kitambaa cheupe cha kuzibia pua siku ambazo askari wa mito walileta ushahidi mbichi. Kwao ni Gakindu, upande wa Mukurweini, nchi ya kahawa, ndizi na maziwa. Wazee wa huko walimhesabu samaki kuwa jamaa ya nyoka: hana miguu, hapepesi jicho, na hasemi kitu hata ukimkanyaga. Mtu wa heshima hakumla. Theuri alikuwa mtu wa heshima, kwa hiyo alimwandika tu.

Kila mwezi ulipoisha, hesabu zilimiminika mezani kwake. Askari walileta za trauti waliovuliwa katika mito ya baridi inayoshuka mlimani, na wakulima wenye mabwawa walileta za tilapia. Theuri alijumlisha kilo, akapiga mstari kwa rula, akapeleka Nairobi. Huseni Othmani, dereva wa ofisi, mzaliwa wa Majengo pale pale Nyeri, hakuchoka kumtania.

"Karani," alikuwa akisema, "wewe ni kama mpishi aliyefunga Ramadhani mwaka mzima."

"Wewe kula, mimi niandike. Tumesaidiana."

Miaka ya themanini ilipofika katikati, ofisi ililetewa kompyuta. Pamoja nayo alikuja mtaalamu kutoka Nairobi aliyeitwa Moffat, mtu wa tai nyembamba aliyevaa sweta mbili kwa kuogopa baridi ya Nyeri. Moffat aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza kuwa tangu siku hiyo mashine ingejumlisha yenyewe, ingechapa yenyewe, na hesabu zote zingepelekwa katika hazina moja ambayo nchi jirani zilikubaliana kuitumia pamoja. Mtu aliyeketi kando ya ziwa lolote la Afrika ya Mashariki angeweza kufungua na kuona Nyeri imevua nini.

Theuri alifurahi sana. Aliiona Gakindu ikisomwa mbali. Kwa wiki nzima aliketi karibu na Moffat akimsomea majina ya wavuvi na kilo zao, naye Moffat akigonga vitufe, mpaka walipofika Mukurweini.

"Hii mabano ni ya nini, Mzee?" Moffat aliuliza akiitazama karatasi.

"Ni ya kutofautisha. Huyu ni Peterson Theuri wa Ndizi. Huyu ni Peterson Theuri Mrefu. Huyu ni wa Redio, na huyu wa Nyuki."

"Ati wote ni Peterson Theuri?"

"Ni jina ya guka wetu, baba ya baba zetu. Sasa watu wangeita mtoto nani?"

Ndivyo ilivyo desturi ya Wakikuyu: mwana wa kwanza huitwa jina la babu yake mzaa baba. Mzee Theuri wa kale alijaliwa wana wengi, na kila mmoja wao alipopata kifungua mimba wa kiume alimwita Theuri. Kwa kuwa mzee alibatizwa Peterson, na kila mwana alitaka kumpendeza baba kuliko ndugu zake, wajukuu nao wakabatizwa Peterson. Nyumbani hakuna aliyechanganyikiwa. Mwenye migomba alikuwa wa Ndizi, mwenye mizinga wa Nyuki, na karani mwenyewe alikuwa Theuri wa Ofisi. Ni yeye aliyewashawishi binamu zake wachimbe mabwawa. Walifuga tilapia, wakawauzia watu wa mjini, wakanawa mikono vizuri na kurudi nyumbani kula githeri yao ya mahindi na maharagwe.

"Mashine haitaki mabano," Moffat alisema. "Ikiona mabano inakataa kazi. Jina ya kwanza, jina ya pili, basi."

Theuri aliiheshimu mashine kama alivyomheshimu mhubiri mgeni. Alikubali, mabano yakaachwa. Kile ambacho hakuna aliyekumbuka kumwambia ni kwamba mashine ilikuwa imefundishwa akili fulani: ikikuta majina mawili yanayofanana, iwahesabu wenye majina hayo kuwa mtu mmoja aliyeandikwa mara nyingi kwa uzembe wa makarani, na iunganishe samaki wake wote.

Ripoti ya kwanza ilipotoka, wakubwa waliifurahia hata wakaipeleka kwenye kipindi cha wakulima redioni. Jioni hiyo Theuri wa Redio alikimbia kupitia mashamba ya kahawa mpaka nyumbani kwa binamu yake, akihema.

"Wa Ofisi! Umetangazwa! Ati mvuvi mkuu wa nyanda za juu zote ni Bwana Peterson Theuri wa Gakindu!"

"Si mimi. Ni wewe."

"Mimi? Mimi niko na bwawa kama karai! Wamesema huyo mtu amevua kushinda kijiji mzima ya kando ya ziwa."

"Basi ni wa Nyuki."

"Wa Nyuki amesema ni wewe. Wa Ndizi pia amesema ni wewe. Nani mwingine hapa anafanya kazi ya samaki?"

Mkewe Theuri, Wachuka, aliweka chini birika la chai. Alikuwa mwalimu wa hesabu, amesomeshwa shule ya bweni wakati wasichana wengi wa rika lake walikuwa bado wanachuma kahawa, na hakuzoea mambo ya nyumba yake kutangazwa pasipo yeye kuyasahihisha kwanza.

"Baba Ngendo," alimwambia mumewe, "na kanisa je?"

Hapo ndipo Theuri alipoketi. Alikuwa amechaguliwa kuwa mzee wa kanisa la Gakindu. Suti ilikwisha kushonwa Karatina, ya kijivu, yenye kizibao. Siku ya kuwekewa mikono ilikuwa karibu. Tangu utoto alitamani kuketi kwenye ile benchi ya mbele inayotazama waumini, na sasa redio ilikuwa imeitangazia dunia nzima kuwa hakuna mtu milimani aliyetia mikono yake katika samaki wengi zaidi.

Jumapili iliyofuata, kina mama walioketi benchi moja naye walisogea, tena wakasogea, mpaka wa mwisho akabaki ameketi nusu. Mtu mmoja alikohoa kwa namna ya kuuliza. Paka wa kanisa, ambaye kazi yake ilikuwa panya, alimfuata Theuri mpaka mlangoni, na watu wote wakamwona akimfuata. Haikusaidia kitu kueleza kwamba paka huyo alifuata kila mtu.

Mchana, Mzee Ngatia, kiongozi wa wazee wa kanisa, alimwita kando. Alikuwa mzee mwenye nyusi nzito na masikio yaliyosikia yaliyotakiwa tu.

"Theuri, mimi sisemi umekosa. Biblia iko na wavuvi wengi. Lakini hao walikuwa wa Galilaya. Wewe ni wa Gakindu."

"Mzee, ni makosa ya mashine."

"Mashine imetoka Nairobi kuja kukusingizia wewe? Inakujua?" Mzee Ngatia alitikisa kichwa. "Kikao itakaa Jumamosi ijayo. Ulete ushahidi. Kama hakuna, hiyo benchi tutampatia mtu mwingine, na suti utavaa harusini."

Wiki ile Theuri hakula vizuri wala kuongea. Huseni alimwona akijumlisha mstari mmoja tena na tena, akamhurumia, akamchukua mchana kwenda nyumbani kwake Majengo. Mkewe Huseni, Zuena, alikuwa amepika wali na samaki wa kupaka nazi, kama alivyofundishwa na shangazi yake wa Mombasa. Alimwandalia mgeni mayai peke yake, maana aliwajua watu wa Gakindu.

Theuri alimtazama samaki sahanini, naye samaki akamtazama Theuri.

"Huseni," alisema hatimaye, "mimi ninahukumiwa kwa kitu ambacho sikijui. Hiyo ni haki?"

"Wallahi si haki, karani."

"Mtu akihukumiwa, angalau ajue kosa lake linafananaje."

Akachukua kipande. Zuena alikigeukia kisima cha uani, akajifanya haoni. Theuri alitafuna akiwa amefumba macho, kwa uangalifu wa mtu anayekagua hesabu. Akachukua kipande cha pili ili kuthibitisha cha kwanza. Basi, kama alionja, alionja kama karani, si kama mlaji, ingawa Huseni husema kwamba ukaguzi ule ulimaliza upande mmoja wa samaki na kuanza wa pili.

Wakati yeye akikagua Majengo, Wachuka alikuwa hajakaa bure. Alikuwa ameomba ripoti, akaisoma kwa jicho la mwalimu, akaona kuwa kilo za Peterson Theuri zilikuwa sawasawa na kilo za binamu wote zikijumlishwa. Ijumaa alfajiri aliwaamuru binamu wavae mashati safi, akawapandisha lori la chama cha kahawa, na asubuhi wakajipanga kwenye benchi ya ofisi ya uvuvi, kuanzia Theuri Mrefu mpaka Theuri wa Nyuki ambaye alikuwa ameumwa mdomoni.

"Bwana Moffat," Wachuka alisema, "tafadhali muite huyo mvuvi mkuu wako."

Moffat alirekebisha tai, akasoma kwenye karatasi. "Peterson Theuri!"

"Naam!" Benchi nzima ilisimama. Theuri wa Ofisi naye alisimama mezani kwake kwa mazoea. Hata mkulima mmoja aliyekuja kwa shughuli zake kutoka Othaya alisimama; naye, kumbe, alikuwa Peterson Theuri, wa ukoo mwingine kabisa, na tangu siku hiyo anadai ni binamu.

Moffat alivua sweta moja. "Sasa nyinyi watu, hamkuweza kutafuta majina mengine?"

"Na wewe unaitwa nani?" aliuliza Theuri Mrefu.

"Moffat."

"Hiyo si jina ya mzungu fulani?"

"Ni jina ya guka yangu," Moffat alisema polepole, kisha akarudi kwenye vitufe vyake, maana na yeye alikuwa na binamu.

Wakaanza kazi ya kuwatenganisha. Moffat alipendekeza aondoe Peterson aweke jina la nyumbani badala yake. Theuri wa Redio akaruka. "Ati mashine inafuta ubatizo? Hiyo redio haijatangaza!" Wachuka akamwambia kuwa mbinguni hawatumii kompyuta, naye wa Redio akaketi. Hivyo wakaingizwa upya: Ndizi Theuri, Mrefu Theuri, Redio Theuri, Nyuki Theuri, kila mmoja na samaki wake. Mpaka leo wasomaji wa takwimu kando ya maziwa huenda wanajiuliza ni kabila gani hilo.

Likabaki tatizo moja. Peterson Theuri wa zamani, yule mkuu, alikuwa bado ndani.

"Mfute," Wachuka alisema.

"Hii mashine haijui kufuta mtu, mwalimu. Mtu akishaingia, ameingia. Naweza tu kumtoa samaki."

"Basi mtoe samaki wote. Na umwandikie kazi yake na ofisi yake, tusije tukampakazia mtu wa Othaya."

Moffat akagonga. Mashine ikanguruma, ikachapa karatasi mpya ndefu, yenye wavuvi wote waliomo katika hazina ile ya pamoja, kuanzia aliyevua zaidi. Theuri alijitafuta juu, hakujiona. Alijitafuta katikati. Alijikuta chini kabisa, mstari wa mwisho, chini ya wavuvi wa maziwa yote na mito yote, peke yake: Peterson Theuri, karani, Nyeri, samaki, sifuri.

Jumamosi karatasi ile ilitandazwa mbele ya kikao cha wazee. Mzee Ngatia aliipitisha kidole mpaka chini, akasoma, akarudia kusoma, nyusi zikapanda.

"Kwa hivyo hakuna mtu mbaya kwa kuvua kukushinda?"

"Katika nchi zote zinazotumia hiyo mashine, Mzee."

Wazee walinong'onezana, wakaridhika. Hapo Mzee Ngatia akanyoosha kidole, kwa ajili ya utaratibu tu.

"Na hujawahi kula."

Theuri angeweza kunyamaza. Hakuna aliyeona ila Huseni na Zuena, na hao hawakuwa wa kanisa hilo. Lakini alitazama ile benchi, akaona hawezi kuikalia huku amemeza uongo juu ya samaki.

"Mzee," alisema, "nilipotangazwa nilikuwa sijala. Baadaye nilikula. Kidogo. Juzi."

Mzee Ngatia aliwaomba wenzake watoke nje wakaangalie kama mvua inakuja. Jua lilikuwa likiwaka, lakini walitoka. Mlango ulipofungwa, alivuta kiti karibu.

"Ni mtamu?"

"Ni mtamu, Mzee. Lakini iko na mifupa kama sindano."

"Aaa." Mzee Ngatia alilitafakari jambo hilo. "Mifupa nyingi?"

"Nyingi."

"Basi ulishaadhibiwa palepale. Hiyo hatuandiki." Akainuka, akawaita wenzake waingie. "Na huyo mke ya dereva," aliongeza kwa sauti ya chini, "hupika siku gani?"

Kesho yake Peterson Theuri alisimama mbele ya waumini ndani ya suti ya kijivu. Kabla ya kumwekea mikono, Mzee Ngatia aliinua karatasi ndefu, akaiacha ining'inie mpaka sakafuni, akatangaza kwamba ndugu yao alikuwa amepimwa kwa mashine pamoja na wavuvi wa nchi jirani, na kwa neema ya Mungu alikuwa ameshika mkia. Kina mama walipiga vigelegele. Wachuka alipiga chake kirefu kuliko vyote, kwa fahari ya mwalimu wa hesabu ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake ameona mtu akishangiliwa kwa kupata sifuri.