Lori Lililogongwa kwa Ndani

Oliva Nyagawa wa Mjimwema, Njombe, alikuwa na ghala la baridi Makambako, nyuma kidogo ya barabara kuu iendayo Tunduma. Alianza maisha kwa kuuza lambalamba. Baadaye akawa anaagiza stroberi za kugandishwa kutoka Afrika Kusini na kuziuzia hoteli na watengenezaji wa mtindi. Mzigo wa namna hiyo ukivuka mpaka hufungwa lakiri ya forodha, pingu ya chuma isiyofunguka ila kwa kukatwa, na haikatwi mpaka afisa awepo. Wenzake katika biashara walikuwa na njia zao za mkato. Oliva hakuwa nazo, ndiyo maana wakamwita Mama Lakiri. Walidhani wanamtukana.

Asubuhi moja ya Julai ukungu ulikuwa mzito uani, hata geti halionekani. Lori la friji likaingia polepole, likasimama. Oliva alizoea kusikia mashine ya baridi ikinguruma kabla hajaliona lori lenyewe. Safari hii hakusikia kitu.

"Kamwene, mama," alisema dereva, Danford, mzaliwa wa mtaa wa Ramadhani, Njombe.

"Kamwene. Mbona mashine iko kimya?"

"Nimeizima sasa hivi tu, hapo getini."

Ida, msimamizi wa ghala, alikuwa anakagua lakiri aliposhtuka na kurudi nyuma. Ndani ya lori kitu kiligonga. Kikanyamaza. Kikagonga tena.

"Danford, umetuletea stroberi au umetuletea mzimu?"

"Acha utani, dada Ida," alijibu, huku akisogea mbali na mlango.

Kila mtu wa barabara ile amesikia habari za watu wanaofichwa kwenye malori, wengine wakashushwa maiti. Oliva aliokota jiwe, akapiga ubavu wa lori kwa nguvu. Wakasubiri. Kutoka ndani kukaja jibu, mapigo mazito yaliyofuatana, kisha kitu kama kuburuzwa.

Alimpigia simu afisa wa forodha, Bwana Remmy, aliyekuwa njiani kutoka Njombe.

"Usiiguse lakiri, mama. Nawaita polisi, nami nakuja. Ila huku ukungu umefunga, hata boneti ya gari siioni."

"Na kama kuna mtu anakufa?"

"Ukiikata, leseni yako itasimamishwa. Hilo sitaweza kulizuia."

Oliva akakata simu. Leseni ile ndiyo iliyokuwa kazi yake yote. Kule ndani kitu kiligonga tena, safari hii kwa unyonge, chini karibu na sakafu, kama mtu aliyekwisha kuketi.

"Mama, usikate," alisema Danford. "Ni upepo huo."

"Upepo gani?" Ukungu ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi. "Ida, leta mkasi wa nondo."

"Mama Lakiri, wewe?"

"Leta!"

Sheria ya forodha ni sheria njema. Bila hiyo tungelishwa uozo wa kila nchi. Lakini haikutungwa ili mtu afie nyuma ya matunda. Oliva alikata.

Mlango ulipofunguka, mvuke mweupe ulitoka ukachanganyika na ukungu, wasijue upi umeishia wapi. "Kuna mtu?" aliita. Akawasha tochi ya simu, akapanda, akajipenyeza kati ya maboksi na ukuta. Sakafu ilikuwa na maji mekundu. Kitu cha baridi kilimgusa shingoni. Akapangusa, kikamgusa tena.

"Mama, rudi!" Ida alilia kutoka nje.

Hakurudi mpaka kiganja chake kilipogusa ukuta wa mwisho. Hapo ndipo kipande cha barafu kilipomeguka darini, kikaangukia maboksi kwa kishindo, kikaburuzika hadi chini. Akamulika juu. Dari zima lilikuwa linadondoka.

Alipotoka, Danford alikuwa amechuchumaa kando ya tairi.

"Niliizima tangu jana jioni, mama, nilipoegesha hapo mjini nilale. Baridi yetu hii! Nyama tunaitundika nje, asubuhi imekuwa ubao. Nikaona tunachoma dizeli bure."

Baridi inayogandisha nyasi za Njombe ni joto kwa tunda linalotakiwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Hilo lilikuwa kosa la mtu aliyezaliwa kwenye baridi akaiamini. Uongo wa getini ni jambo jingine. Angesema kweli, wangejua mara moja ni nini kinachogonga.

Bwana Remmy alifika na askari mmoja. Akaitazama lakiri iliyokatwa, kisha akamtazama Oliva.

"Ulikuwa na hakika kuna mtu?"

"Hapana. Sikuwa na hakika kwamba hayupo."

Afisa akamwambia mzigo utateketezwa, na ghala litafungwa tangu siku hiyo mpaka shauri lake lisikilizwe. Oliva akaitikia kwa kichwa. Askari akashika mlango wa lori aufunge.

"Ngoja kwanza, afande," Oliva alisema. "Mimi nimepita upande mmoja tu. Ingia upande wa pili, upapase mpaka mwisho."

Askari alisita, akamtazama Bwana Remmy, kisha akavua kofia na kupanda.