Kumfuata Sekunda Mlali

Nilikwenda Mlali kwa sababu mwongozo ulikuwa umenishinda. Mimi na rafiki yangu Sekunda tuliuanza pamoja Dar es Salaam: mwongozo wa Kiswahili wa kutengeneza michezo inayochezwa ndani ya kivinjari cha simu, bila kupakua kitu. Yeye alipanga, mimi niliandika. Kisha mama yake akapooza mguu, naye akarudi kwao kumuuguza. "Miezi miwili tu," aliniambia. Ukapita mwaka. Nilibaki na sura nyingi nisizojua ipi itangulie, na wanafunzi waliokuwa wakizisubiri. Ukweli ni kwamba nilitaka arudi.

Saa nne asubuhi nilishuka Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro. Mawingu yalikuwa yameifunika milima ya Uluguru nusu. Nikanunua mikate ya mgonjwa, nikachukua bodaboda.

Mlali, nyumba yao imezungukwa na kabichi. Sekunda alinikumbatia kwa mikono yenye udongo. Mama yake alikuwa barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kumbe ndiwe Mwanaidi! Huyu mwenzio kila siku ni Mwanaidi, Mwanaidi."

Mchana, baada ya ugali, nilitandaza sura zangu mkekani. Sekunda hakuzitazama. Alinipa simu yake: kwenye skrini, kuku anakwepa mawe. Alikuwa ameutengeneza mchezo huo peke yake, kwa kusoma rasimu yangu.

"Mbona hauna sauti?" nikauliza.

"Nilikwama hapo wiki tatu. Soma ulichoandika."

Nikasoma: *Ukikwama, muulize aliye karibu nawe.*

"Nimuulize nani, Mwanaidi? Kabichi?"

Nilicheka, halafu nikaisoma tena sentensi ile. Nilipoandika maneno yale, aliye karibu nami alikuwa yeye. Nikamweleza kwamba kivinjari hakitoi sauti mpaka mchezaji aguse skrini kwanza. Akarekebisha, akagusa. Kuku akalia.

"Kuku wa nani huyo kaingia ndani?" mama akauliza kutoka barazani.

Tulipanga upya mpaka alasiri. "Usifuate unachokijua wewe," Sekunda alisema. "Fuata pale mtu anapokwama." Tukatanguliza umbo moja linalosogea, kisha kidole kinacholiongoza, kisha sauti. Tulifanya kazi kama zamani, na ndiyo maana nilithubutu kuuliza.

"Utarudi lini?"

Alimtazama mama yake akijikongoja kwa kushika ukuta.

"Sirudi, dada. Usiniwekee nafasi."

Jioni alinisindikiza hadi barabarani, akanipakia kabichi mbili kwenye mfuko. Basi la Dar lilipoondoka Msamvu, milima ilikuwa wazi kabisa, nami niliitazama hadi shingo ikauma.

Siku zilizofuata nilifuta kila mahali nilipomwambia msomaji aulize mwenzake. Nilijifunza kwamba mwongozo ni wa mtu asiye na wa kumuuliza. Sasa kila sura naiandika kama jibu kwa Sekunda, na sura zinakwenda. Ila ningependa zaidi aniulize kwa mdomo.