Dirisha Lililosema Hakuna Kilichobaki

Fundi wa programu ana mazoea ya kuisemesha kompyuta kama mtoto mkaidi: "Haya, sema basi." Kucha zake zimetafunwa, na viatu huvivua chini ya meza. Kazi yake ni dirisha dogo pembeni mwa skrini, linalomwonyesha mwanahisabati hatua za uthibitisho ambazo kompyuta bado haijazikubali. Asubuhi hiyo alifungua uthibitisho wa mwalimu wa hisabati wa chumba cha pili, kazi ya miaka minne, ili alijaribu dirisha lake. Likasema: hakuna kilichobaki. Akafuta mstari mmoja kusudi, aone likilalamika. Hakuna kilichobaki. Akafuta ukurasa mzima. Hakuna kilichobaki. Hapo akaelewa. Tangu alirekebishe mwezi uliopita, dirisha lilikuwa likitoa jibu hilo hilo kwa kila kazi, bila kuikagua. Alitoka mbio, peku.

"Mwalimu, usiitume kazi yako!"

"Nimeshaituma kwenye jarida jana, binti yangu. Kulikoni?"

Akamweleza. Mzee akamsogezea kiti. "Kaa. Tuikague bila hilo dirisha lako, tangu mwanzo." Kwenye mstari wa tisa kompyuta yenyewe ikaikataa hatua, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.