Kumi na Saba Katika Mistari Mitatu

Sisi tuliojifunza hesabu kwa punje za karanga, huku upande wa Kolandoto kabla ya Uhuru, tulikuwa na raha moja: ukikosea, unayala makosa yako. Watoto wa siku hizi wakikosea wanafuta tu, na njaa iko palepale.

Nakumbuka nikiwa darasa la nne. Tulikwenda shule pekupeku, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa mfukoni, mdomo mkavu kwa kuitafuna njia nzima. Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye chaki ilimkaa hadi kwenye nyusi, siku hiyo alitufundisha namba tasa. Akatutuma tukapange punje kumi na saba katika mistari iliyo sawa, kesho tumweleze tulichoona.

Nilikimbilia kwa Shangazi Kabula, dada yake baba. Wakwe walikuwa wamemrudisha kwetu zamani kwa kuwa hakupata mtoto, na sisi sote tulikulia mgongoni mwake. Alikuwa akimenya karanga. Akanihesabia kumi na saba, tukaanza. Mbilimbili, ikabaki moja. Tatutatu, zikabaki mbili. Nnenne, moja. Tanotano, mbili tena. Shangazi alikazana hadi kilemba kikamlegea.

"Mbona kaidi hivi, namba hii?" aliuliza.

Nyumbani tulisema Kisukuma, na Kiswahili cha shule hakukijua. Nami kwa kujitia msomi nikamtafsiria neno tasa: mwalimu anasema hii ni ngumba, yaani mgumba. Lilikuwa neno lilelile walilomfukuzia kwa mumewe. Alikusanya karanga zake, akaingia ndani. Mama alinivuta sikio. "Mdomo huo!"

Tangu hapo Shangazi alinipakulia chakula bila kunitazama. Bakora nilizizoea, lakini kunyamaziwa na yeye sikukuweza. Niliogopa kwamba nimempoteza, na sikuwa na neno la Kisukuma la kufuta lile la kwanza.

Nikamwendea mwalimu, nikamweleza huku nalia. Hakunicheka. Alinionyesha kwamba thelathini na nne ni kumi na saba mara mbili, hamsini na moja ni kumi na saba mara tatu, na kwamba, ukiacha moja, kila namba isiyo tasa imetokana na tasa zilizozidishwa.

Nilirudi mbio. Nikamwaga karanga hamsini na moja mbele ya Shangazi, nikazipanga mistari mitatu ya kumi na saba.

"Shangazi, nilitafsiri nusu. Hizi zote zimetoka kwa kumi na saba. Bila yeye zisingekuwepo."

"Zote hizi?"

"Na nyingine zisizokwisha."

Alizipitia kwa kidole mstari kwa mstari, kisha akacheka hadi akajifuta machozi. "Basi kamwambie mwalimu wako amempa mama wa watu jina baya." Akanivuta kifuani, tukazila zote.

Leo mjukuu wangu anaiuliza simu kama kumi na saba ni tasa, nayo inajibu kabla sijavaa miwani. Jibu ni sahihi, na hakuna mtu nyumbani anayeinua kichwa. Mimi peke yangu naikumbuka siku tuliyomzika Shangazi. Mchungaji, mgeni pale, aliwaomba watoto wa marehemu wasogee na udongo. Tulisogea kundi zima, na watoto wetu nyuma yetu. Akasema mama huyu alijaliwa uzao mkubwa.

Hakuna aliyemsahihisha.