Mimba ya Mama Mkwe

Mimba yangu ya tatu ilitangazwa na mama mkwe. Mimi nilikuwa wa mwisho kuisikia, kutoka kwa mke wa shemeji yangu, aliyekuja kunipongeza nikianika nguo. Haikuwepo.

Bafu letu la mabati liko nyuma tu ya jiko la mama mkwe, na mama mkwe ana masikio. Alinisikia nikitapika baada ya chakula cha mchana, akanisikia tena siku iliyofuata, akajumlisha. Dalili ya mvua ni mawingu. Mwanamke mwenye mume anatapika, na mume mwenyewe alikuwa nyumbani mwisho wa mwezi. Kuna nini tena cha kuuliza?

Kulikuwa na mengi ya kuuliza. Nilikuwa nikitapika hivyo karibu miaka miwili, nikivizia yeye akiwa shambani, na kwa hiari yangu, kama hiari ndilo jina lake.

Ilianza siku ya mahari ya wifi yangu. Mume wangu, anayefanya kazi kiwanda cha saruji kule Athi River, alikuwa akiwagawia wageni viti vya kukodi. Nilipotaka kukaa, aliwaambia ndugu zake, "Huyu msimpee hiyo ya plastiki. Akivunja tutalipishwa." Walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote, kwa sababu anayechekwa akinuna ndiye huonekana ana roho mbaya. Nikala pilau nikashiba, kisha nikaenda bafuni nikairudisha yote. Na hapo ndipo mahali ambapo sijapata kumweleza mtu akanielewa: nilijisikia vizuri. Kwa dakika chache nilijiona nimewashinda wote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku upande wa Kithimani, mama wa watoto wawili walio shule ya bweni. Wenzangu kazini walipoona nguo zinanipwaya walifurahi kwa niaba yangu. "Mwalimu, umekatika. Unatumia nini?" Nikasema nimeacha sukari. Basi nao wakaacha sukari, maskini, wakanywa chai chungu muhula mzima. Meno yalianza kuniuma, nywele zikabaki kwenye kitana, hedhi ikapotea, na bado kwenye kioo nilimwona yule wa kunyimwa kiti. Niliogopa kwamba nitakufa. Niliogopa zaidi kunenepa, na ninajua jinsi hilo linavyosikika.

Mama mkwe hakuwahi kunipenda. Alinivumilia, kama mtu anavyovumilia mlango unaolia. Lakini baada ya kutangaza mimba yake alininyang'anya mtungi wa maji mkononi, akawakemea wanaonituma sokoni, na jioni moja akachinja kuku. Ulikuwa mwaka ambao mvua ilitukataa kabisa hapa Yatta, mahindi yakakauka yakiwa kimo cha goti. Alivuta kigoda akakaa mbele yangu. "Kula, mwana wakwa," akasema. Mwanangu. Miaka yote ile hakuwa ameniita hivyo. "Kula, mko wawili."

Nilikula, na siku ile chakula kilikaa. Nadhani ni kwa sababu kulikuwa na mtu ananitazama bila kunipima. Nikawaza, huyu nikimwambia atanisaidia. Hilo ndilo nililolitaka kuliko kitu kingine chochote: mtu mmoja mzima ajue, asicheke, na asimame kati yangu na lile bafu. Lakini nilichelewesha maneno, kwa kuwa utamu wa kuitwa mwana ulikuwa mpya, na kesho yake chakula hakikukaa.

Yeye ndiye aliyeng'ang'ania nipelekwe kliniki, na akanisindikiza. Alibaki nje kwenye benchi. Muuguzi alinipima, akaniambia hakuna mimba, akauliza basi kutapika ni kwa nini. Nikamwambia. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale muda mrefu na nikayatoa yote, mpaka ile habari ya kiti. Alinitazama kama mwanafunzi aliyeleta jibu la somo lingine.

"Hiyo ni mambo ya wasichana wa Nairobi, mama," akasema. "Wewe ni mtu mzima. Uko na watoto. Wacha stress." Akaniandikia dawa ya minyoo.

Nilitoka na karatasi ya dawa mkononi. Mama mkwe alisogea kunipa nafasi kwenye benchi. Huyu ni mwanamke aliyelelewa upande wa Ekalakala kwa mahindi ya manjano ya msaada wa njaa, na mpaka leo punje ya ndengu ikianguka ataitafuta chini ya meza mpaka aipate. Nilijua ninaongea na nani. Bado nikamwambia.

"Hakuna mtoto, mama."

"Imetoka?"

"Haikuwepo. Huwa nakula, halafu naenda naitoa. Mimi mwenyewe. Nataka kuacha na siwezi."

Aliitazama ile karatasi ya dawa.

"Hata ile kuku?"

"Hiyo ilikaa, mama. Nakuapia, hiyo ilikaa."

"Ilikuwa inataga," akasema, akainuka.

Wanasema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Hakuna aliyetunga methali ya upande wa pili, na nilikaa pale kwenye benchi nikiihitaji. Nilimchukia. Nilimchukia pia kwa kuwa alikuwa na haki.

Siku chache baadaye nikasikia, tena kutoka kwa yule yule mke wa shemeji, kwamba mimba imeharibika. Mama mkwe alikuwa ameshatangaza. Mimba kutoka ni jambo ambalo watu wanalielewa, lina pole zake na lina maombi yake.

Jumamosi wanawake wa kanisa wakaja, kila mmoja na sufuria yake. Kulikuwa na muthokoi wa mahindi ya kukobolewa, uji wa wimbi, na maini ambayo mtu alikuwa amejinyima. Mama mkwe aliwapokea, akawaeleza kwamba ilikuwa bado changa, akafuta macho. Alikuwa na machozi kweli. Wakanipakulia, wakaniambia nirudishe damu, na sahani ilipoisha ikajazwa. Kila nilipoinua uso nilimtafuta yeye, nikitumaini atawaambia imetosha, au atakuja akae karibu yangu kama siku ile ya kuku. Alikuwa akiosha vikombe.

Niliinuka. Alinitazama, na alijua ninakokwenda; sijawahi kuona mtu akijua kitu vizuri hivyo. Nilivuka uwanja polepole, nikimpa muda wa kuniita. Nilipofunga mlango wa mabati nilimsikia akiwaambia wenzake kwamba ni vizuri waimbe kidogo. Akaanzisha wimbo yeye mwenyewe, kwa sauti ya juu ambayo sikujua anayo, na hakuwaacha wanyamaze mpaka nilipomaliza.